Modeli za vichwa vya treni vya TAZARA, skeli 1:64, zimetoka: tunaanza na U30C. Maswali na oda tuweke humu

Fundi_Iyunga

Wakuu, kamwene nyote. Wale mliokuwa mnaniuliza kila mwisho wa mwezi "vipi, bado?", jibu ni kwamba vimetoka. U30C ya TAZARA (reli ya Tanzania na Zambia), skeli ya 1:64, yaani ndogo mara 64 kuliko kichwa halisi, kundi la kwanza liko mezani hapa Mbeya, limeshapigwa msasa na praima.

Bei nimeiandika mwishoni mwa maelezo, kwa hiyo msiyaruke.

Bodi ni ya resini, imechapwa kwa printa ya 3D vipande vitano: pua, kabini, boneti refu la injini, sehemu ya rejeta, na sakafu yenye njia za kupita pembeni. Milango ya boneti imechongwa mmoja mmoja, bawaba zinaonekana, vitasa vinaonekana. Nyavu za rejeta si resini, ni shaba iliyochongwa kwa asidi, nyembamba kiasi kwamba ukimulika tochi unaiona feni iliyo nyuma yake. Vishikio ni waya wa nusu milimita ambao utaukunja mwenyewe. Nimeweka kibao chenye vijiti vya kukunjia ili pande zote mbili zitoke sawa. Ndani ya kabini kuna kiti, meza ya dereva na dereva mwenyewe, ana urefu wa milimita 27 hivi. Ni mtu wa kawaida kabisa ukimgawa kwa 64.

Kwa wageni wa mambo haya: U30C ni muundo wa General Electric (GE) wa Marekani. U ni "Universal", 30 ni nguvu farasi 3,000, na C ni ekseli tatu kwa kila boji (fremu inayobeba magurudumu), yaani sita kwa kichwa kizima. Hizi za kwetu ziliundwa na Krupp, Ujerumani, zikaingia miaka ya 1980, wakati vile vichwa vya kwanza vya Mchina vilikuwa vimeshaanza kulemewa na mlima wa Mlimba kwenda Makambako.

Rangi sijapiga, na sitapiga. Kila mtu humu anaikumbuka TAZARA ya miaka yake, sitaki kesi. Namba na maandishi ya ubavuni nimeweka kwenye karatasi ya kuhamishia kwa maji, utachagua namba yako.

Bei: bodi na vipande vyote bila mota, laki tatu na nusu. Kamili, ina mota, imeshafungwa na inatembea, laki nane na nusu. Amana nusu.

Mwanjelwa_Standi

Uzi bila picha ni umbea. Picha mkuu!

Fundi_Iyunga

Zinapanda, mtandao wa leo unajivuta.

BintiMakambako

Hongera sana kaka. Mimi swali langu ni la skeli. Mjomba alirudi Ujerumani na boksi zima la reli za HO, 1:87, transfoma yake na mabehewa mawili ya Märklin, kiwanda cha treni za modeli cha huko, yaliyovunjika kaplingi (viunganishi). Nilikuwa nasubiri U30C yako kwa hamu nikijua itakuwa 1:87 kama ilivyo kwa watu wengi duniani. Sasa umetoa 1:64, mimi nifanye nini na reli zangu?

Kipimo_Njombe

Dada, ngoja nimsaidie fundi hapa, maana hili tulibishana naye sana kwenye uzi wa zamani na mwishowe tukaelewana.

Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067. Chukua kikokotoo. Ukigawa kwa 64 unapata 16.67. Reli za HO, hizo hizo za mjomba, zina upana wa milimita 16.5. Tofauti ni sehemu ndogo ya milimita, hakuna jicho litakaloiona. Kwa hiyo reli zako zinafaa kabisa, ila kama za mjomba ni Märklin, angalia kama zina vile vichuma vya katikati. Zikiwa navyo, umeme wake ni mfumo mwingine, utahitaji za reli mbili za kawaida.

Sasa gawa kwa 87: unapata 12.26. Maana yake kichwa cha 1:87 kikitaka kuwa TAZARA ya kweli lazima kitembee kwenye reli za milimita 12. Ukikiweka kwenye zile za 16.5, zidisha 16.5 kwa 87 uone: 1,435. Huo ni upana wa SGR! Utakuwa umeipanua reli ya Nyerere na Kaunda bila ruhusa ya serikali mbili.

Na hatukuanza sisi. New Zealand nao wana reli ya 1,067, na vichwa vyao vya DX ni U26C za GE, ndugu wa karibu wa hii yetu. Watengeneza modeli wa kule walipiga hesabu hii hii zamani: wenye nafasi wanajenga 1:64 kwenye reli za 16.5, wenye vyumba vidogo wanajenga 1:120 kwenye reli za milimita 9, maana 1,067 gawa kwa 120 ni 8.9. Queensland, Australia, hali ni hiyo hiyo.

Mwenye mapenzi na reli ya kati ya zamani, ile ya mita moja, ndiye 1:87 inayomfaa: 1,000 gawa kwa 87 ni 11.5, reli za milimita 12 zinakubali.

BintiMakambako

Nimezigeuza, katikati hakuna vichuma, ni reli mbili tu. Basi nimeelewa. Ila Kipimo na wewe, "bila ruhusa ya serikali mbili" 😂

Kijana_Soweto

Samahani wakuu, nisionekane mchawi. Laki nane na nusu kwa kichezeo? Hapa Soweto ya Mbeya naongeza kidogo napata pikipiki iliyotumika yenye kadi. Watoto wa huku wanachonga treni kwa makopo ya mafuta na vifuniko vya soda, bure, na inakwenda ukiivuta.

Mwalimu_Gangilonga

Mdogo wangu, hakuna aliyekulazimisha. Lakini swali lako ni la haki, lijibiwe.

Modeli ya namna hii ya kiwandani huko Uingereza inachukua miaka kutoka. Kwanza wanatafuta kichwa halisi kilichohifadhiwa, wanakipima, siku hizi kwa leza. Kisha mchoro wa kompyuta. Kisha wanachonga moldi za chuma, na hapo ndipo pesa inapoteketea, kwa sababu moldi ni ile ile ukitoa modeli kumi au elfu kumi. Ndiyo maana wanahitaji oda nyingi kabla ya kuanza. Kisha sampuli ya kwanza isiyo na rangi, mashabiki wanaihesabu ribiti kwa ribiti na kulalamika, inarudi kurekebishwa, sampuli yenye rangi, foleni ya kiwanda huko China, meli. Deltic ya kampuni ya modeli ya Accurascale, kile kichwa cha English Electric chenye injini mbili za Napier na nguvu farasi 3,300, watu waliilipia amana wakasubiri miaka, ikaja kufika 2022. Na hiyo ni Deltic! Vichwa 22 tu viliundwa, lakini mashabiki wake wamejaa nchi nzima na bado kuna vinavyotembea.

Sasa niambie, kiwanda gani kitachonga moldi ya U30C ya TAZARA kwa ajili yangu, wewe na dada wa Makambako? Hakipo. Kwa hiyo njia ni mbili, kukaa tukisubiri, au fundi wa Iyunga na printa yake ya resini isiyohitaji moldi. Ukitaka tatu unachapa tatu. Bei kwa kila kimoja haishuki kama ya kiwandani, ila inawezekana. Na ukiagiza modeli nje, jumlisha usafiri, ushuru, na VAT ya asilimia 18 juu ya vyote hivyo, uone kama laki nane na nusu bado ni nyingi.

Hao watoto wa makopo nawaheshimu. Fundi mwenyewe muulize alianzia wapi.

Fundi_Iyunga

Makopo ya Blue Band, mwalimu. Na waya wa baiskeli.

Mzee_wa_Breki

Vijana hamjambo. Mimi ni mstaafu, niliendesha mashine hizi kabla magoti hayajakataa ngazi. Mjukuu ndiye ananiandikia hapa, mimi nasema yeye anabonyeza.

Nimeziangalia picha (zimepanda, nyie mnaolalamika). Kwa jumla ni yenyewe. Pua iko sawa, kabini iko sawa, na umeiweka ile njia ya pembeni kwa upana ambao mtu anaweza kupita akiwa amevaa koti. Wengi wanaochora huifinya.

Swali langu: bomba za mchanga ziko wapi? Mbele ya gurudumu panashuka bomba dogo, linamwaga mchanga juu ya reli. Wengine mnaweza kudhani ni urembo. Mvua ya Mlimba ikinyesha, reli inateleza, una mzigo wa mbolea nyuma yako, ukikosa mchanga magurudumu yanazunguka pale pale na reli inapata shimo. Dereva wa mlima ule anajua kiasi cha mchanga alichobakiwa nacho kama anavyojua mafuta. Kichwa bila bomba za mchanga mimi sikipandishi Makambako, hata kiwe cha kwenye meza.

La pili. Juu ya paa nimeona umeweka gridi za breki ya umeme, hapo nimekuvulia kofia. Kupanda unapigana na uzito, lakini kushuka uzito unakuendesha wewe. Ukitegemea breki ya upepo peke yake kutoka Makambako hadi Mlimba utachoma pedi zote kabla hujafika. Kwa hiyo mota za ekseli unazigeuza kuwa jenereta, zinazuia mwendo, na umeme unaotoka unachomwa kwenye zile gridi, feni inapuliza joto juu. Usiku ukichungulia nyuma kabla ya handaki unalisikia joto lile usoni.

Fundi_Iyunga

Shikamoo mzee. Bomba zipo. Ziko kwenye kifuko kidogo cha shaba, nane pamoja na akiba, sikuzifunga kwa sababu zinakatika njiani. Kwenye maelekezo ukurasa wa mwisho nimeonyesha mahali pa kutoboa, kidrili cha 0.4. Kwenye vile vilivyokamilika zimeshafungwa.

Mzee_wa_Breki

Marahaba. Basi sawa.

Mlimba_Juu

Mzee umenikumbusha mbali. Kuna mtu anajenga ule upande? Mimi nina stoo tupu hapa na ninawaza daraja la Mpanga.

Kipimo_Njombe

Lile lina kimo cha karibu mita 50. Kwa 1:64 ni sentimita 78, kwa hiyo litasimama sakafuni na kufika kiunoni. Linawezekana. Kinachokuja kuua ni kona. Kona yenye nusu-kipenyo cha mita 200 inakuwa mita 3 na kidogo, yaani ukigeuza treni mara moja stoo imekwisha. Kila mtu anadanganya kwenye kona, usijisikie vibaya. Na usiwaze reli nzima: kilomita 1,860 za Dar hadi Kapiri Mposhi ukizigawa kwa 64 ni kilomita 29. Unatoka Mwanjelwa, unapita Mbalizi, na bado Wazambia hawajaiona.

Chagua kipande kimoja. Handaki moja, daraja moja, stesheni ndogo yenye njia mbili za kupishana. Basi.

Uyole_Kileleni

Au njoo ujenge Uyole, sehemu ya juu kuliko zote kwenye reli nzima, karibu mita 1,790. Hakuna daraja la kukuumiza kichwa, ni viazi tu pande zote mbili.

Mwanjelwa_Standi

Kila uzi wa Mbeya lazima mtu wa Uyole ataje viazi.

Vyuma_Mafinga

Mimi ni mtu wa umeme. Nauliza: ile ya kamili ina mota gani, inakula volti ngapi, na inapokea dekoda (kifaa cha kuongozea mwendo na sauti)? Halafu sauti. Maana U30C bila sauti ni sanamu.

Fundi_Iyunga

Mota ni ya volti 12, ina magurudumu mazito mawili kwenye shafti ili ikizimwa isisimame ghafla, na inaendesha ekseli zote sita. Soketi ya dekoda ipo, ya pini 21. Spika nimeiachia nafasi ndani ya tangi la mafuta, inatazama chini, sauti inagonga reli na kurudi.

Kuhusu sauti kuwa makini. Injini ya GE aina ya FDL ni ya stroki nne. Vichwa vya EMD, kiwanda kingine cha Marekani, vyenye injini ya 645 ni stroki mbili. Ukinunua dekoda yenye sauti ya EMD kwa sababu ni rahisi, mzee wa Breki ataitambua akiwa chumba cha pili. Tafuta iliyorekodiwa kutoka FDL, zipo, kwa sababu injini hiyo imetumika nchi nyingi.

Nyongeza ya huku kwetu: weka kapasita ya kuhifadhi umeme. Vumbi la kiangazi linakaa juu ya reli, kichwa kinakosa umeme nusu sekunde, sauti inakata na kuanza upya kama imewashwa sasa hivi. Kapasita inakivusha.

Uzito: bodi ya resini ni nyepesi, haivuti. Nenda kwa fundi tairi, omba zile risasi za kubalansi magurudumu alizozitoa, zijaze ndani ya boneti juu ya boji zote mbili kwa usawa. Za kwangu zinavuta mabehewa kumi kwenye tambarare bila kuteleza.

Vyuma_Mafinga

Hiyo ya risasi za fundi tairi nimeipenda. Na kwa nini kundi hili limechelewa hivi? Uliahidi kabla ya kipupwe.

Fundi_Iyunga

Kipupwe chenyewe ndicho kilichochelewesha. Resini inataka joto la nyuzi 20 na kitu kwenda juu. Juni na Julai hapa kwetu asubuhi unavaa makoti mawili, resini kwenye tangi inakuwa nzito kama uji wa ulezi. Printa inashusha bamba, resini haitiririki kurudi mahali pake, tabaka linalofuata linakosa chakula, na baada ya saa tisa unainua boneti lenye milango upande mmoja na upande wa pili matobo. Nimejenga boksi la mbao kuzunguka mashine, nimeweka balbu za kutotolea vifaranga na kipima joto. Tangu hapo mambo ni shwari, umeme usipokatika katikati ya kazi. Kwa hilo nimenunua betri ya kushikilia.

Tunduma_Mpakani

Wakuu mimi shabiki wa vile vya Mchina. DFH lini? Reli hii ilijengwa 1970 hadi 1975 na kukabidhiwa 1976, na vichwa vya siku ile vilikuwa DFH za kiwanda cha Sifang, si hizi za Mmarekani. Mnaanza hadithi katikati.

Fundi_Iyunga

Nakubaliana nawe kihistoria. Nilianza na U30C kwa sababu nilipata ruhusa ya kupima kimoja kilichosimama, kwa futi kamba na kamera, paa mpaka chini. DFH ninazo picha nyingi, vipimo vichache. Sitachapa kwa kukisia.

Mwenye picha za zamani za DFH, hasa zilizopigwa kutoka ubavuni zikiwa na mtu amesimama karibu, aniletee. Mtu anasaidia kupata vipimo. Na mwenye baba au babu aliyefanya kazi karakana, muulize kuhusu mfumo wake wa kuendesha. U30C injini inazungusha jenereta, umeme unakwenda kwenye mota za ekseli. DFH injini inasukuma mafuta ndani ya kibadilishi, mafuta yanazungusha shafti mpaka kwenye magurudumu. Kwenye modeli hiyo inaonekana chini: shafti zile zinapita kati ya boji, lazima ziwepo. Napenda kuzijua zinavyoshuka, si kuzibuni.

Mzee_wa_Breki

Ninaye rafiki yangu alikuwa fundi wa hizo. Yuko Vwawa. Mafuta yale yalikuwa yanachemka kwenye mlima, yeye ndiye aliyekuwa anaamshwa usiku. Mjukuu atakutumia namba yake faragha, usiibandike humu.

Fundi_Iyunga

Ndaga fijo mzee.

Kijana_Soweto

Nimeangalia zile picha za rejeta kwa kukuza. Sawa, nimeona kwa nini laki nane. Bado siwezi, lakini hiyo ya laki tatu na nusu, mtu anaweza kulipa kidogo kidogo?

Fundi_Iyunga

Unaweza. Tena wewe uko Soweto, njoo Iyunga Jumamosi ukae na mimi tukunje waya, vishikio ndiyo kazi inayonila muda kuliko yote. Ukikunja vya kutosha vichwa vitatu, nakupunguzia laki moja.

Kijana_Soweto

Nakuja na koleo langu.

Mwalimu_Gangilonga

Andika oda yangu: kimoja kamili, kimoja cha kufunga. Cha kufunga ni kwa klabu ya fizikia shuleni. Vinafikaje Iringa?

Fundi_Iyunga

Basi la asubuhi, boksi ndani ya boksi, jina lako na namba kwenye kifuniko. Nitamwambia kondakta asiweke chini ya magunia. Utakipokea Ipogolo saa za mchana. Ukikifungua angalia kwanza bomba za mchanga, ndizo zinazotangulia kukatika.

BintiMakambako

Na mimi kimoja cha kufunga. Mjomba anauliza kama kaplingi zake za Märklin zitaingia.

Kipimo_Njombe

Haziingii. Mwambie mjomba anunue za Kadee za 1:64, na mabehewa yale mawili ayaache kabatini, yatakuwa madogo mno nyuma ya kichwa hiki.